Ami, sungura wetu kazi yake ni kula na kulala

Assalamu aleikum Ami,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Langoni, Lamu. Nakuandikia kwa sababu ya sungura. Najua ukitaja shida ya sungura mtaani kwetu watu watakucheka, maana huku mnyama anayejulikana kuumwa ni punda. Lakini nimefika ukingoni, na mwanangu hanisemeshi vizuri kwa ajili yake.

Sungura mwenyewe ni jike, mweupe pepepe, macho mekundu, jina lake Kashata. Mwanangu alimnunua Mpeketoni alipokuwa kidato cha tatu, akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Kijana alipokwenda chuo Mombasa, Kashata akabaki kwangu. Sasa ametimiza miaka minne.

Ami, nitasema ukweli wote kama niko mbele ya kadhi. Nyumba ilipokuwa kimya, yule mnyama ndiye aliyekuwa mwenzangu. Asubuhi nikikaa uani na chai yangu, yeye yuko miguuni, amesimama kwa miguu ya nyuma, pua inachezacheza. Nikimega hamri nampa kipande. Saa nne ndizi. Mchana maganda ya embe ikiwa ni msimu, jioni tende mbili, tatu. Karoti hazikatiki. Zile chembechembe zake za dukani najaza bakuli, likiisha najaza tena, na zikikosekana jirani hunipa chakula cha kuku wake wa mayai. Nyasi nilikuwa nampa zamani, akawa anazilalia tu, nikaacha kuzitafuta.

Wiki jana mwanangu alikuja likizo. Alipomwona alishika kichwa. Akamtia kikapuni, akampeleka kwa wavuvi, wakamtundika kwenye mizani ya samaki: kilo 6 na gramu 200. Alirudi amenuna, akaniambia, "Mama, umemmaliza kwa mapenzi." Neno hilo limenikaa hapa.

Na kweli hatembei tena. Anatoka kibandani, anafika bakulini, anajilaza hapo hapo. Chini ya kidevu ana mkunjo mkubwa kama mto. Nyuma manyoya yanagandana na kinyesi laini, ananuka, na nimemwogesha mara mbili kwenye beseni. Mara ya pili alitetemeka mpaka nikaogopa.

Ushauri ninao mwingi. Jirani anasema nimfungishe siku mbili bila chakula, mafuta yatayeyuka. Shemeji yangu anasema kilo sita ni kitoweo, nisimchoshe mnyama. Binti yangu mdogo ameona kwenye simu watu wa Ulaya wanamfunga sungura kamba wanamtembeza, anataka amtoe Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kila jioni. Nifuate lipi? Na nimjibu nini huyu kijana wangu?

Mama Kashata, Langoni

* * *

Waaleikumu salaam, mwanangu.

Kwanza usione haya. Marehemu bibi yangu hakuwa akisema sungura, alikuwa akisema kitungule, na sisi wajukuu tulilala tukijua kitungule wa hadithini hashindwi na simba wala fisi. Kashata ameshindwa na hamri.

Pili, kikapu. Hukuniambia kama mwanao alikipima kitupu kwanza. Kikapu cha sokoni chenye mishikio minene kinaweza kuchukua gramu mia tatu, mia nne. Basi tumfanye Kashata ana kilo 5 na gramu 800. Kwa rangi na macho hayo, na kwa kuwa alitoka kwa wafugaji wa Mpeketoni, huenda ni wa aina iitwayo New Zealand White, ambao licha ya jina lao walianzia Marekani. Jike mzima wa aina hiyo huwa kilo 4 na nusu hadi 5 na kidogo. Kwa hiyo ana kilo moja ya kupunguza. Kwako wewe kilo moja si kitu. Kwake yeye ni kama mtu wa kilo 70 kubebeshwa kilo 14 mgongoni, asizitue hata akilala.

Usiitegemee mizani peke yake. Weka viganja viwili mbavuni mwake bila kubonyeza. Mbavu zisikike kama unavyozisikia njiti za fagio la chelewa ukilifunika kwa leso: zipo, lakini hazichomi. Zikichoma, amekonda. Usipozipata mpaka ubonyeze, kama unavyotafuta jiwe ndani ya godoro la pamba, ni mafuta. Ule mkunjo wa kidevuni usikutishe sana. Majike wengi wanao kwa maumbile, na jike mwenye mimba huchuna manyoya ya hapo akatandika kiota. Ubaya ni ukiwa mkubwa mpaka unamzuia kujiramba, au ngozi ya ndani imelowa na kuwa nyekundu. Funua uangalie.

Sasa nikuambie jambo ambalo jirani, shemeji na binti hawakukuambia. Kashata si mvivu na wala si mlafi. Sungura kazi yake ni kula, na wewe umemwachisha kazi. Akiwa na nyasi mbele yake, sungura hutafuna saa sita, saa nane katika usiku na mchana mmoja: anavuta unyasi, anausaga kwa magego upande kwa upande, anameza, anasogea, anavuta mwingine. Hamri analimaliza kabla chai yako haijapoa. Saa zote zilizobaki afanye nini? Analala. Ungelala na wewe.

Na nyasi si za kumpotezea wakati tu. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele hukua kama milimita 2 kila wiki, na kinachoyapunguza, hasa yale ya nyuma, ni kule kusaga nyasi. Matumbo yake nayo husukumwa na zile nyuzinyuzi ngumu. Ukimpa unga, sukari na mafuta, ambavyo ndivyo vinavyofanya hamri kuwa hamri, matumbo yanazubaa, gesi inajaa, na vile vijidudu vyema vinavyomsagia chakula vinakufa na kuwapisha vibaya.

Ndiyo maana shauri la jirani yako ndilo baya kuliko yote. Mwambie kwa upole sungura hana saumu. Sungura, na hasa mnene, akikaa bila kula, mwili huvuta mafuta kwa pupa na kuyarundika kwenye ini, na ini linaweza kushindwa kabisa. Hapo hutamzika kwa unene, utamzika kwa njaa ya siku mbili. Shika hili hata ukisahau mengine yote: sungura aliyepitisha muda wa saa 12 hajala, au hajatoa kinyesi, ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Usingoje kuche. Na usimpe dawa za watu zilizobaki kabatini. Amoksilini na jamii yote ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura zinaweza kumuua, kwa sababu zinafagia vijidudu vya tumboni.

Basi turudi kwenye nyasi. Unasema alizilalia. Angefanya nini, na bakuli la chembechembe limejaa pembeni? Mtoto aliyeshiba biskuti hagusi wali. Punguza vitamu, nyasi ataziona.

Najua mji wa mawe hauna majani, na vichochoro vyenu si pa kukata chakula cha mnyama: punda wamepita, paka wamepita, maji machafu yamepita. Waulize wenye punda nyasi zao wanazipata kwa nani, kisha uagize zilizokatwa mahali safi. Bora kuliko hizo ni robota la nyasi kavu kutoka bara, zile za Boma Rhodes zikipatikana. Robota moja litakuchukulia wiki nyingi. Tatizo letu sisi wa pwani ni unyevu. Mimi hapa Malindi niliwahi kuliweka langu sakafuni, karibu na dirisha la upande wa bahari. Baada ya wiki mbili nikafunua katikati nikakuta vumbi jeupe la kuvu, nikalitupa lote, na pesa yangu ikaenda nalo. Liinue juu ya mbao, lifunike kwa gunia, si kwa nailoni. Kila ukichota, nusa: nyasi nzuri hunukia kama majani makavu ya chai. Zikinuka kama nguo iliyokunjwa mbichi, usimpe.

Mjazie nyasi mpaka rundo liwe kubwa kuliko yeye mwenyewe, asubuhi na jioni. Usiogope kwamba atanenepa nazo. Mpe kidogo kidogo zikiwa mbichi, kisha zaidi, muda wa wiki mbili, tumbo lizoee. Zilizo kavu mpe bila kipimo tangu leo.

Vitamu vyote sasa vikome. Hamri, mkate wa mofa, tende, ndizi, maganda ya embe, vyote. Tende mbili kwa mnyama wa kilo tano si tende mbili, mwanangu. Hebu zipime kwa mwili wako uone ungekula ngapi. Karoti, ambayo kila picha ya sungura inamwonyesha akiitafuna, nayo ni tamu. Mpe majani yake, hayo anayapenda na yanamfaa. Kuhusu chakula cha kuku wa mayai, kimetiwa chokaa nyingi kwa ajili ya maganda ya yai. Kashata hatagi. Chokaa ya ziada sungura huitoa kwenye mkojo, na ikizidi mkojo unakuwa mzito kama uji na kibofu kinaumia. Mrudishie jirani, umshukuru.

Zile chembechembe za dukani, peleti, usizikate kwa siku moja. Kipimo cha juu kwa sungura mzima ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito anaotakiwa kuwa nao, si ule alio nao; kwa Kashata ni kama gramu 120. Kwa kuwa yeye ni mnene na nyasi zitakuwepo, tushuke hadi nusu yake, gramu 60, kwa muda wa wiki nne, kila wiki ukipunguza kidogo. Hesabu ya gramu isikusumbue. Nenda nazo dukani, muuzaji akupimie 60, uzimimine ndani ya kikombe cha kahawa, uone zinafika wapi, utie alama. Hicho ndicho kipimo cha siku nzima.

Mboga mpe kiasi cha kujaza kofia ya mwanao, mara moja kwa siku, zikiwa za kuchanganya: dania, nanaa, mrehani, majani ya karoti, majani ya mforosadi ukiyapata. Sukuma wiki na mchicha si haramu, ila visiwe vya kila siku. Kuna majani ambayo hata akikulilia usimpe: kisamvu kibichi, majani ya nyanya na ya viazi vya mbatata, majani ya mparachichi, na vitunguu vya aina yoyote. Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo, asilipindue.

Sasa nyuma kwake, huko kunakonuka. Hilo ndilo lililonifanya nikujibu haraka na kuziacha barua nyingine zingoje.

Sungura ana vinyesi vya aina mbili. Vile vikavu vya mviringo unavyofagia, na vingine laini, vinavyong'aa, vilivyoshikana kama kichala cha zabibu ndogo, ambavyo kwa kawaida huvioni, kwa sababu huinamisha kichwa akavila moja kwa moja vinapotoka. Usikunje uso. Ndivyo anavyopata vitamini na protini ambazo chakula kilipopita mara ya kwanza hakikumpa. Mnyama mnene hafiki huko nyuma. Akishiba vitamu pia huvitoa vingi kuliko haja yake, basi vinamganda kwenye manyoya. Yeye anakosa lishe huku amenenepa, na wewe unaona uchafu.

Uchafu huo huita nzi. Kwa joto lenu, yai la nzi lililotagwa asubuhi laweza kuwa buu kabla ya kesho yake, na mabuu hayaishii kwenye kinyesi, huingia kwenye ngozi na nyama. Sungura mnene mwenye nyuma chafu anaweza kuliwa akiwa hai ndani ya siku moja mbili, huku kwa mbele anaonekana amekaa tu. Kwa hiyo mwinue mkia umtazame asubuhi na jioni, kila siku. Ukiona buu hata moja, ni mbio kwa daktari. Na beseni uliache. Sungura haogeshwi mwili mzima. Hofu peke yake inaweza kumzimisha, kule kutetemeka ulikokuona si baridi. Mketishe mapajani juu ya taulo, loweka pale palipoganda kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, chambua polepole, mkaushe mpaka ndani. Usivute wala usishike mkasi, ngozi yao ni nyembamba kama karatasi ya sambusa na huchanika vile vile.

Kabla hujaanza kumsukuma atembee, mpeleke akaguliwe na daktari wa mifugo, ikiwezekana wiki hii. Nina sababu mbili. Mnyama asiyetembea huenda anaumwa: mgongo, viungo, au nyayo. Geuza miguu ya nyuma utazame kisigino. Manyoya yakiwa yametoka na ngozi ni nyekundu au ina kidonda, ndiyo hiyo. Kibanda chake kina sakafu ya wavu? Changu kilikuwa nacho miaka hiyo, nikijisifu kwamba kinyesi kinapita chini na sihangaiki kufagia, mpaka dume langu likaanza kukanyaga kama mtu aliyepita juu ya makaa. Weka ubao na nyasi nene juu yake. Sababu ya pili ni kuwa yeye ni jike, hakuhasiwa, na ana miaka minne. Kuanzia umri huo majike hupata sana saratani ya mji wa mimba, na tumbo kubwa si mafuta kila mara. Ukiona damu kwenye mkojo usingoje. Mkojo wa rangi ya chungwa au mwekundu mwekundu unaweza kutokana na majani aliyokula tu, lakini acha daktari ndiye aseme.

Akisharuhusiwa, tumtembeze, na si kwa kamba. Mwambie binti yangu sungura wa kwenye simu hawakutani na punda wenye mizigo ya mawe wala na paka wa Lamu. Sungura akishtuka huruka na kupiga teke kwa nguvu zote, na miguu yake ina misuli mikubwa kuliko mifupa inavyoweza kustahimili. Akiwa amebanwa na kamba anaweza kuvunja uti wake mwenyewe. Usita wa Mui, saa za jioni, haitapita siku mbili kabla hajashtuka.

Ua wako unatosha kabisa. Anahitaji mahali pa mita 3 kwa 2 pa kurukia bila kugonga kitu, apate kunyanyuka na kusimama wima. Sakafu ikiwa ya saruji laini itamtelezesha, na anayeteleza haruki. Tandika mikeka mikuukuu, ya ukindu usiotiwa rangi, maana ataitafuna. Anapokuwa nje, mtu awe naye, paka hushukia ukutani. Saa zake asili ni za macheo na machweo, na zinakwenda vizuri na zenu: mfungulie ukitoka kusali Alfajiri, umrudishe jua likipanda, kisha tena baada ya Alasiri hadi Isha. Mchana muache. Sungura hatoki jasho, joto lake hutoka kupitia masikioni, na ikipita nyuzi 28 hivi huanza kuteseka, mnene zaidi. Na sasa ni kaskazi. Mpe chumba cha chini, kile chenye ukuta mnene wa mawe, na chupa ya maji yaliyoganda uizungushie kitambaa, aegemee akitaka. Akihema mdomo wazi na masikio yakawaka moto, mloweshe masikio kwa maji ya baridi ya kawaida, si ya barafu, na umkimbize kwa daktari.

Ukimfungulia na kumkalia ukimtazama, hatafanya kitu. Atajilaza, utaniandikia tena. Mpe sababu. Bakuli la peleti lifichwe kabatini lisirudi. Zile gramu 60 zimwage juu ya mkeka na katikati ya rundo la nyasi, azitafute moja moja. Nyasi ziwe pembe hii, maji pembe ile, choo pembe ya tatu. Mboga zifunge kwenye kamba ya mnazi uzining'inize kimo cha pua yake, wiki ya pili kimo cha masikio, anyooke. Boksi la katoni litoboe milango miwili, litie nyasi ndani. Hakuna sungura anayepita boksi bila kuingia. Beseni lile la kuogea, kwa kuwa halina kazi tena, litie mchanga mkavu usio na chumvi, ufukie majani ya nanaa ndani. Majike hupenda sana kuchimba. Siku ya kwanza ataparura mara mbili kisha akutazame. Siku ya tano huenda ukafagia mchanga mpaka mlangoni. Ukimwona siku moja ameruka hewani akajipinda kiuno na kupiga miguu pembeni, usimkimbilie ukidhani ana kifafa. Amefurahi.

Kumletea mwenzake ni jambo zuri, sungura si mnyama wa kukaa peke yake, lakini si sasa, na kamwe si dume asiyehasiwa. Mimba yao ni siku 31.

Mpime kila Ijumaa kwa mizani ile ile ya wavuvi na kikapu kile kile, ukitoa uzito wa kikapu, umfunike macho kwa leso asiruke. Apungue gramu 50 hivi kwa wiki. Ikizidi 60 mfululizo, mrudishie peleti kidogo, anakwenda mbio. Kwa mwendo huo kilo moja itachukua wiki 20, yaani kusi litakuwa limeshashika. Ila dalili utaiona kabla ya mizani: vile vinyesi vikavu vitakuwa vikubwa, vya rangi ya majani makavu, ukikivunja kimoja utaona vipande vya nyasi ndani. Hapo ujue matumbo yanafanya kazi.

Utapata taabu saa ya chai. Atakuja miguuni, atasimama, pua itacheza, na hana jinsi ya kujua kwamba sheria zimebadilika. Uwe na kishada cha dania mkononi kabla hujamega hamri lako. Nadhani alichokuwa akikifuata hapo tangu mwanzo ni wewe zaidi kuliko unga.

Shemeji muongezee samaki.

Na huyo mjukuu wangu wa chuoni, aliyemwacha mnyama wake miaka miwili bila kumwachia mama yake hata karatasi moja ya maelekezo, mwambie Ami amesema Idd hii asije mikono mitupu. Mzigo mkubwa wa basi la Mombasa hadi Mokowe na mashua ya kuvukia aulipie mwenyewe. Aje na robota mbili za nyasi.